Waya Kwanza, Sauti Baadaye

Ukitaka kujua kama muziki wa gari umefungwa vizuri, usianze kwa kuwasha redio. Fungua boneti. Tafuta waya mnene unaotoka kwenye ncha ya chanya ya betri, ufuate kwa kidole mpaka ukutane na fyuzi yake ya kwanza, kisha pima urefu huo kwa futikamba. Ukizidi sentimita 45, gari hilo bado halijawa tayari kwa mashindano, hata kama sauti yake inatikisa madirisha ya mtaa mzima. Na kama fyuzi haipo kabisa, halijawa tayari hata kwa safari ya sokoni.

Makala haya ni ya yule anayetaka kupeleka gari lake mashindanoni, na ni ya fundi anayemfungia. Ni ya yule pia ambaye hana habari na kombe lolote ila anapenda muziki mzito kwenye Probox, Noah au matatu yake. Nitazungumzia kanuni za ufungaji zaidi kuliko ubora wa spika, kwa sababu pointi nyingi hupotelea kwenye ufungaji, na moto wa gari nao huanzia huko huko.

Majaji wanatafuta nini

Mashindano ya muziki wa magari yalikomaa Marekani, na tangu miaka ya 1990 yameenea nchi nyingi. Marekani kuna mashirika kama IASCA na MECA. Ulaya kuna EMMA, ambayo kanuni zake zimefika mpaka Afrika Kusini. Kuna pia dB Drag Racing, iliyoanzishwa na Mmarekani Wayne Harris, ambayo hushindanisha jambo moja tu: ukubwa wa sauti. Kipima sauti hubandikwa ndani ya kioo cha mbele, milango hufungwa, muziki hupigwa kwa sekunde chache, na mwenye desibeli nyingi ndiye mshindi.

Kwa ujumla unaweza kushindania mambo matatu. La kwanza ni ukubwa wa sauti, unaopimwa kwa mashine. La pili ni ubora wa sauti, ambapo jaji huketi kiti cha mbele na kusikiliza nyimbo maalumu zilizochaguliwa na shirika. La tatu ni ufungaji wenyewe, ambapo jaji huja na tochi, huinama, huvuta waya, husukuma boksi na kuuliza maswali. Hata hivyo usalama hukaguliwa popote utakaposhindana. Gari lenye sauti tamu na waya wa hatari linaweza kuzuiwa kabla halijapigwa hata wimbo mmoja.

Kila shirika lina kitabu chake cha kanuni, na vitabu hivyo hurekebishwa mara kwa mara. Pata kitabu cha mwaka huu cha shirika lako na ukisome chote kabla hujanunua kifaa chochote. Soma kwa makini zaidi ukurasa wa madaraja. Madaraja ya kuanzia kwa kawaida huwabana washindani wasibadilishe mengi kwenye gari. Ya juu huruhusu hata kung'oa viti vya nyuma na kujenga ukuta mzima wa spika nyuma ya dereva. Badiliko moja dogo, kama kuhamisha spika ya mlangoni kwenda mahali papya, linaweza kukupandisha daraja na kukuweka mbele ya watu waliotumia fedha mara kumi yako. Ukiwa na shaka, mwandikie jaji mkuu mapema na uhifadhi jibu lake.

Vitabu hivyo hutofautiana katika mambo mengi, lakini kurasa za usalama zinafanana sana. Zinafanana kwa sababu zinajibu hatari zile zile: waya unaoungua, mzigo unaoruka gari linapogonga, na sikio linalopotea. Ukizielewa hatari hizo tatu, nusu ya kitabu chochote utakuwa umeshaielewa.

Sentimita 45 za kwanza

Kipimo kinachotumika sana, hasa Marekani, ni inchi 18, yaani sentimita 45 na ushee. Waya mkuu wa chanya lazima upite kwenye fyuzi ndani ya umbali huo kutoka kwenye betri, na umbali unapimwa kwa kufuata waya wenyewe pamoja na mizunguko yake.

Kwa nini pawe karibu hivyo? Fyuzi hulinda kile kilicho mbele yake tu. Betri ya kawaida ya gari inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mkupuo pale waya wa chanya unapogusa bodi. Ikiwa waya umekatwa na ukingo wa chuma baada ya fyuzi, fyuzi inakatika na mambo yanaishia hapo. Ikiwa umekatwa kabla ya fyuzi, hakuna cha kuuzuia umeme huo. Ganda la plastiki linayeyuka, waya unakuwa mwekundu, na kila kilicho karibu kinashika moto. Kipande kati ya betri na fyuzi ndicho pekee kwenye waya huo kisicho na mlinzi, kwa hiyo kifanye kifupi uwezavyo. Sentimita 45 ni kikomo tu. Ukiweza kuweka fyuzi sentimita 15 kutoka kwenye betri, iweke hapo, na kipande hicho kifupi ukivalishe mpira wa ziada wa kukikinga.

Kuweka fyuzi mbali na betri ni kosa la kwanza. Kosa la pili ni kuchagua fyuzi kwa kutazama ukubwa wa amplifaya. Fyuzi kuu huchaguliwa kwa ukubwa wa waya, maana kazi yake ni kuulinda waya. Waya wa shaba wa milimita za mraba 8 kwa kawaida hupewa fyuzi ya ampea 50 hadi 60. Wa milimita za mraba 21, unaojulikana kama namba 4, hupewa 100 hadi 150. Wa milimita za mraba 53, namba 1/0, hupewa 250 hadi 300. Ukiweka fyuzi ya 300 kwenye waya mwembamba, waya utaungua na fyuzi itabaki nzima. Vivyo hivyo, pale waya mnene unapogawanyika kuwa nyaya nyembamba za kwenda amplifaya mbili au tatu, kila waya mwembamba unahitaji fyuzi yake hapo hapo unapoanzia.

Kosa la tatu huwapata waliofunga betri ya pili nyuma. Waya unaounganisha betri mbili una chanzo cha umeme kila upande. Fyuzi moja ya mbele haitausaidia ukikatwa karibu na betri ya nyuma. Weka fyuzi mbili, moja karibu na kila betri. Jaji hulitazama jambo hili mapema sana, na wengi huanguka hapo.

Hesabu ya waya

Unene wa waya usikadiriwe kwa macho. Chukua amplifaya ya daraja D inayotoa wati 1,000 za kweli. Amplifaya za aina hiyo hugeuza takriban asilimia 80 ya umeme kuwa muziki, na iliyobaki huwa joto. Kwa hiyo inahitaji kuingiziwa wati 1,250. Gawanya kwa volti 13.8 za gari lililowashwa, unapata kama ampea 90.

Sasa weka betri mbele na amplifaya kwenye buti, mita 5 za waya katikati. Ukitumia waya wa milimita za mraba 8, utapoteza karibu volti 0.9 njiani, na wati zaidi ya 80 zitageuka joto chini ya zulia, mahali usipopaona. Ukitumia wa 21, unapoteza chini ya volti 0.4. Ukitumia wa 53, chini ya 0.15. Tofauti hiyo ya bei kati ya waya mwembamba na mnene mara nyingi ni ndogo kuliko bei ya amplifaya moja iliyoungua kwa njaa ya umeme.

Hesabu hiyo ni ya shaba tupu. Madukani kuna waya mwingi wa alumini uliopakwa shaba juu, na alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba. Upime hivi: kata ncha ya waya, chomoa uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Ukionekana mwekundu juu na mweupe ndani, ni alumini. Ukionekana mweupe juu na mwekundu ndani, ni shaba iliyopakwa bati, na huo ni waya mzuri, hasa kwa gari la pwani ambako chumvi hula shaba. Angalia pia unene wa shaba yenyewe. Kuna waya unaouzwa kwa jina la namba 4 huku ganda lake ni nene na shaba ya ndani ni nyembamba kama ya namba 8. Jaji mzoefu hutazama shaba, na wewe mnunuzi fanya vivyo hivyo. Ikiwa huna budi kutumia alumini, panda saizi moja au mbili juu.

Usisahau chanzo. Alteneta nyingi za magari madogo hutoa kati ya ampea 60 na 100, na hapo hapo taa, feni, pampu ya mafuta na kiyoyozi vinadai vyao. Muziki hauvuti ampea 90 kila sekunde, lakini besi ndefu huvuta. Kabla ya kununua betri ya pili, imarisha nyaya tatu za asili: ule wa alteneta kwenda chanya ya betri, ule wa hasi ya betri kwenda bodi, na ule wa injini kwenda bodi. Ule wa alteneta nao uwe na fyuzi. Magari mengi yanayozima taa besi ikigonga hupata nafuu kwa hatua hiyo peke yake.

Hasi nayo ni waya

Mafundi wengi huuthamini waya wa chanya na kuudharau wa hasi, ilhali umeme wote uliokwenda lazima urudi. Waya wa hasi wa amplifaya uwe na unene ule ule wa chanya, na uwe mfupi, nusu mita au pungufu. Uchague sehemu ya bodi yenye chuma kinene kilichochomelewa na gari lenyewe. Sugua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga kwa bolti, nati na washa inayouma, kisha paka grisi au rangi juu ya kiungo ili kutu isiingie. Usitumie bolti ya mkanda wa usalama. Hiyo ina kazi ya kuokoa maisha na haitakiwi kuguswa. Kabla ya kutoboa sakafu ya buti, ingia chini ya gari uone tanki la mafuta na mabomba ya breki yako wapi.

Kipimo chake ni rahisi. Piga muziki wenye besi nzito, shika testa, weka mguso mmoja kwenye hasi ya amplifaya na mwingine kwenye hasi ya betri. Ukiona zaidi ya volti 0.2 au 0.3, kiungo chako kibovu au waya ni mwembamba. Fanya hivyo hivyo upande wa chanya. Ikiwa betri inasoma 14 na amplifaya inasoma 12, volti mbili zinageuka joto mahali fulani, na ni wajibu wako kupatafuta kwa mkono kabla moshi haujakuonyesha.

Njia ya waya

Waya ukipita kwenye tundu la chuma, lazima tundu hilo liwe na mpira wa kuukinga. Hakuna msamaha hapa, na hakuna jaji asiyeliangalia. Mahali pa hatari zaidi ni ukuta wa chuma kati ya injini na dashibodi, kwa sababu gari hutetemeka na ukingo wa tundu hufanya kazi ya msumeno kidogo kidogo, miezi kwa miezi. Kwenye chumba cha injini, valisha waya ganda la plastiki lenye mikunjo, uupeleke mbali na ekzosi, feni na mikanda, na uufunge kwa vibana vya plastiki kila baada ya sentimita 30 hivi ili usining'inie.

Ndani ya gari, waya upite chini ya mapambo ya vizingiti vya milango. Usiupitishe chini ya zulia mahali pa kukanyagwa, wala karibu na reli za viti. Kiti kinachosukumwa mbele na nyuma kinaweza kukata ganda la waya siku ambayo abiria mgeni anajirekebishia nafasi. Nyaya za mawimbi ya muziki zipite upande mmoja wa gari na waya wa umeme upande mwingine, usije ukasikia mluzi unaopanda na kushuka na injini. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba.

Viungo ndivyo vinavyomtambulisha fundi. Waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu hautapita ukaguzi wowote wa maana, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa gundi ya tepu huyeyuka na kuacha shaba wazi ndani ya miezi michache. Tumia vichwa vya shaba vyenye saizi ya waya, uvibane kwa koleo maalumu la kubana, kisha uvifunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Baada ya hapo vuta kwa nguvu. Kiungo kikitoka mkononi mwako, ungeaibika zaidi kama kingetoka mkononi mwa jaji.

Boksi, betri na amplifaya

Sabufa mbili za inchi 12 ndani ya boksi la MDF la milimita 18 zinaweza kufika kilo 40 bila shida. Gari likienda kilomita 50 kwa saa na kusimama ghafla ndani ya sentimita 60, kila kilichomo hurushwa mbele kwa nguvu ya takriban mara 16 ya uzito wake. Boksi la kilo 40 litakusukuma kama mzigo wa kilo 640. Mgongo wa kiti cha nyuma haukuundwa kuzuia kitu kama hicho, na kwenye gari la wagoni hakuna hata ukuta wa kukizuia kisimfikie mtoto aliyekaa nyuma.

Kwa hiyo boksi lifungwe kwa bolti zinazopenya mpaka kwenye chuma cha bodi, zikiwa na washa pana upande wa chini. Skrubu zilizoshika zulia hazitoshi, na kamba ya mpira haifai kabisa. Jaji atalishika na kulitikisa pande zote. Lisisogee hata kidogo. Acha njia ya kutoa tairi la akiba, maana ufungaji unaokunyima tairi la akiba barabarani una kasoro ya msingi.

Betri nayo ibanwe kwa chuma, si kwa kamba. Ikiwa iko ndani ya gari, mnamoketi watu, iwe ya aina iliyozibwa, au ikae ndani ya sanduku lenye bomba la kutoa hewa nje. Betri ya maji hutoa gesi ya haidrojeni inapochajiwa, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Ncha ya chanya iwe na kifuniko, ili spana ikianguka isiunganishe pande mbili.

Amplifaya ipate hewa. Ile ya mfano wetu inatupa wati 250 za joto inapofanya kazi kwa nguvu zote. Ukiifungia chini ya zulia au kuipigilia juu ya boksi linalotetemeka, unaifupishia maisha. Iache nafasi ya vidole vitatu au zaidi pande zote, na ukijenga kabati la kupendeza juu yake, weka feni moja ya kuingiza hewa na nyingine ya kutoa.

Hesabu pia omu kabla ya kuwasha. Sabufa mbili zenye koili mbili za omu 4 kila moja, zikiunganishwa zote sambamba, huleta omu 1. Amplifaya iliyoandikwa mwisho wake ni omu 2 itapata moto na kujizima, au itaungua. Pima kwa testa kwenye ncha za waya wa spika, usiamini kumbukumbu.

Kiti cha dereva

Kanuni za ufungaji humtazama dereva kwa sababu gari la mashindano bado ni gari. Hakuna kitu kinachoruhusiwa kuzuia pedali, breki ya mkono, gia au vioo. Spika ndogo zinazojengewa kwenye nguzo za kioo cha mbele zinapendwa na wanaoshindania ubora wa sauti, maana huupeleka muziki mbele juu ya dashibodi. Lakini magari mengi ya siku hizi yana mfuko wa hewa wa usalama ndani ya nguzo hiyo hiyo au kando yake. Mfuko ukifunguka, spika uliyoibandika inakuwa jiwe linalorushwa usoni. Tafuta alama ya mfuko wa hewa kabla hujatoboa. Ukiiona, hamishia spika mahali pengine.

Hapa kuna njia ya kupata ubora bila kuvunja usalama. Kwenye magari yetu yenye usukani kulia, spika ya kulia iko karibu na dereva kuliko ya kushoto. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo tofauti ya mita moja ni karibu milisekunde 3, na hiyo inatosha kulivuta jukwaa lote la muziki upande wa kulia. Kichakata sauti kinaweza kuichelewesha spika ya karibu kwa kiasi hicho hicho, na mwimbaji akaja katikati. Mara nyingi kufanya hivyo kunaleta pointi nyingi kuliko kukata milango.

Piga picha kila hatua

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye mashindano, kazi bila picha haina pointi. Jaji hawezi kubandua zulia lako wala kufungua boksi. Anaamini anachokiona na anachoonyeshwa. Umesugua rangi, umeweka mpira kwenye tundu, umebana viungo kwa koleo sahihi, kisha umefunika vyote bila picha: mbele ya jaji hukufanya chochote.

Andaa daftari la picha lenye mpangilio. Anza na gari kabla ya kazi, kisha kila hatua, kisha matokeo. Kwenye picha ya fyuzi kuu, weka futikamba ndani ya picha ili umbali kutoka kwenye betri usomeke. Kwenye picha ya hasi, onyesha chuma kinachong'aa kabla ya bolti. Chora ramani ya umeme wote, ukiandika unene wa kila waya na ukubwa wa kila fyuzi, na ubandike lebo kwenye nyaya zenyewe. Ongeza risiti za waya na vifaa.

Kisha jifunze kueleza. Muda mbele ya jaji ni mfupi. Usianze na majina ya spika, hayo anayaona. Anza na usalama, endelea na tatizo gumu ulilokutana nalo na ulivyolitatua, malizia na kile ambacho gari lako linacho na mengine hayana. Jibu swali uliloulizwa, usijibu lingine.

Masikio yako na ya jirani

Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kwenye desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Magari ya mashindano ya ukubwa wa sauti hupita 150, ndiyo maana kwenye madaraja ya juu mtu hukaa nje na kuendesha muziki kwa rimoti. Vaa vizibo vya masikio unapofanya majaribio, hata kama ni ya sekunde tano. Koili ya spika ikiungua unanunua nyingine. Sikio likiungua halirudi.

Nje ya uwanja, sheria ya nchi ndiyo inayotawala. Kenya, kwa mfano, ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tangu 2009, na mwenye matatu anajua zinavyomfikia. Mfumo mkubwa na adabu vinaweza kukaa pamoja: weka kitufe cha kupunguza besi karibu na mkono wako, na ukitumie unapopita hospitali, shule, msikiti, kanisa na nyumba za watu usiku.

Siku ya mashindano

Fanya ukaguzi wako siku moja kabla, mchana, ukiwa hujachoka. Piga muziki nusu saa kwa nguvu, zima, kisha gusa kila kiungo, kila kishikio cha fyuzi na kila mita ya waya unayoweza kuifikia. Kiungo chenye joto kuliko waya wake kimelegea. Kaza bolti zote za betri na boksi. Weka fyuzi za akiba za kila saizi unayotumia, na usikubali kamwe kuweka kubwa zaidi kwa sababu ndogo zimeisha. Kizima moto cha unga mkavu kiwe mahali ambapo mkono wa dereva unafika, na mshale wake uwe kwenye kijani. Safisha gari, futa alama za vidole, ondoa vumbi ndani ya kabati la amplifaya. Jaji anayekuta usafi huanza kukuamini kabla hujafungua mdomo.

Nikija kwenye fedha, maana hapo ndipo maamuzi mengi huharibikia: panga bajeti kwa kuanzia kwenye betri kwenda kwenye spika. Toa kwanza ya waya wa shaba, fyuzi, viungo na bolti. Ikibaki, nunua amplifaya. Ikibaki tena, nunua sabufa. Mfumo wa wati 500 uliofungwa kwa kanuni utampita ule wa wati 2,000 uliofungwa kwa pupa, mbele ya jaji na barabarani pia.

Na wewe mteja ambaye hutashindana kamwe, kanuni hizi ni zako vile vile. Unapomkabidhi fundi ufunguo, mwambie mapema kwamba malipo ya mwisho yataambatana na picha za kazi, ramani ya nyaya na ukubwa wa kila fyuzi. Fundi hodari atafurahi, kwa kuwa hatimaye amepata mtu anayeiona kazi yake iliyofichika. Anayekasirika amekupa jibu ulilolihitaji kabla hajagusa betri yako.

Mafundi wetu wana mikono na wana akili. Kinachokosekana ni mazoea ya kukaguliwa. Mazoea hayo hayahitaji kusubiri shirika kubwa lije na kombe. Wapenzi watano wa muziki wa magari wanaweza kukutana Jumapili moja, kila mmoja akakagua gari la mwenzake kwa tochi, futikamba na testa, na kasoro zikaandikwa na kurekebishwa kabla ya mkutano unaofuata. Wakifanya hivyo mwaka mmoja, siku mashindano yatakapokuja watakuwa tayari, na kabla ya siku hiyo watakuwa wameshaondoa barabarani magari matano yaliyokuwa yanasubiri kuungua.